Nani Alipie Mtaro? Serikali, Ruzuku na Hifadhi ya Udongo wa Mashamba Machakos, Kenya, 1937–1988

Katika maandishi ya historia ya kilimo, Wilaya ya Machakos imetolewa mfano mara mbili, na mifano hiyo inapingana. Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa kilimo aliyeongoza shughuli za hifadhi ya udongo nchini Kenya, aliandika taarifa iliyoichora wilaya hiyo kama nchi inayokufa: vilima vitupu, makorongo, na mifugo iliyozidi malisho. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu wilaya hiyo hiyo, wakionyesha kwamba idadi ya watu ilikuwa imepanda kutoka takribani 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi takribani milioni 1.4 kufikia 1990, ilhali mmomonyoko ulikuwa umepungua na sehemu kubwa ya mashamba ilikuwa imekingwa kwa matuta ya ngazi. Mjadala uliofuata ulijikita katika uhusiano wa wingi wa watu na hali ya mazingira. Swali la malipo lilipata nafasi ndogo zaidi. Hata hivyo, kila mita ya mtaro ilichimbwa na mtu kwa jembe, sururu na sepetu, kwa siku ambazo angeweza kupalilia, kuuza kitu sokoni au kufanya kibarua.

Makala hii inafuatilia gharama hiyo: nani aliibeba, serikali iliingia wapi na kwa namna gani. Hoja yake ni kwamba fedha za serikali zilifaa zaidi pale zilipolipia kile ambacho mkulima mmoja hakuweza kukifanya ndani ya mipaka ya shamba lake, na zilifaa kidogo pale zilipoambatana na amri ya kuchimba au zilipojaribu kuinunua kazi ya kuchimba yenyewe. Lakini utaratibu huo uliofaa ulikuwa na sharti ambalo halikuandikwa katika mradi wowote, nalo ni kwamba kaya iwe na fedha zake kutoka nje ya shamba.

Hofu iliyovuka bahari

Sera ya hifadhi ya udongo katika Afrika Mashariki haikuzaliwa Ukambani peke yake. Katika makala yake ya 1984 kuhusu mdororo wa uchumi, vumbi, ongezeko la watu na ukame, mwanahistoria David Anderson alionyesha jinsi maofisa wa kikoloni wa miaka ya 1930 walivyoitazama ardhi ya Waafrika kwa macho yaliyokwisha kujazwa habari za Marekani. Dhoruba za vumbi katika nyanda za kusini za nchi hiyo, hasa ile ya tarehe 14 Aprili 1935, zilikuwa zimeonyesha kwamba shamba linaweza kupeperuka. Mwezi huo huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyounda Idara ya Hifadhi ya Udongo chini ya Hugh Hammond Bennett.

Jambo lenye uzito zaidi kwa makala hii lilitokea mwaka uliofuata. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imebatilisha, Januari 1936, kodi iliyogharamia mpango wa awali wa kuwalipa wakulima wapunguze mazao. Serikali ya Roosevelt ikajibu kwa sheria mpya ya Februari 1936 ambayo malipo yake yalifungamanishwa na udongo: mkulima aliyehamisha ekari zake kutoka katika mazao yanayochosha ardhi, kama mahindi, pamba na ngano, na kupanda majani au mimea ya jamii ya kunde, alilipwa fedha taslimu. Baadaye desturi ya serikali kuchangia sehemu ya gharama za matuta, mabwawa na upandaji wa majani ikawa kitu cha kawaida katika mashamba ya nchi hiyo. Msingi wake ulikuwa wazi. Udongo ni mali ya mkulima, lakini hasara ya kuupoteza huwafikia pia watu wasio wakulima. Basi nao wachangie.

Utaratibu huo ulikuwa na kasoro yake tangu mwanzo. Malipo yalimfuata mwenye ardhi. Katika mashamba ya pamba ya kusini, wakulima wa kugawana mavuno, ambao wengi wao walikuwa Wamarekani weusi, mara nyingi walipata kidogo au walifukuzwa kabisa ekari zilipopunguzwa. Jambo hilo linafaa kukumbukwa, kwa sababu swali la hati ya ardhi litarejea Machakos nusu karne baadaye.

Maofisa wa Kenya walichukua kutoka Marekani picha ya maangamizi na mchoro wa mtaro unaofuata kontua. Hundi haikuvuka bahari, angalau haikufika katika hifadhi za Waafrika. Kwa walowezi hali ilikuwa tofauti: walikuwa na Benki ya Ardhi tangu 1931, na wakati wa vita Sheria ya Kuongeza Uzalishaji wa Mazao ya 1942 iliwahakikishia mapato ya chini kabisa kwa ekari, pamoja na ruzuku ya kuvunja ardhi mpya. Hivyo, katika miaka ile ile, serikali moja ilimlipa mlowezi alime ardhi ambayo haikuwahi kuguswa na jembe, na ikamwamuru Mkamba achimbe mitaro bure ili kuokoa ardhi ambayo sheria ilikuwa imemfungia ndani yake. Mipaka ya hifadhi ilikuwa imewatenga Wakamba na malisho yao ya zamani upande wa Yatta na sehemu nyingine. Taarifa za miaka ya 1930 zililihesabu hilo kama jambo dogo. Wenye ng'ombe hawakulihesabu hivyo.

Ng'ombe kwanza, mitaro baadaye

Hatua ya kwanza ya serikali ilielekezwa kwa mifugo. Mwaka 1938 ng'ombe wa Wakamba walianza kukamatwa na kuuzwa kwa lazima, kwa bei ambayo wenyewe waliiona kuwa ya dharau, wakati kiwanda cha nyama cha Liebig's kikiwa kimefunguliwa Athi River na kikihitaji mifugo ya bei nafuu. Maelfu ya watu, wakiongozwa na Chama cha Wanachama wa Ukamba na Muindi Mbingu, walitembea hadi Nairobi na kupiga kambi huko wakidai kumwona gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Lakini serikali iliacha mauzo ya lazima. Mtaa mmoja wa katikati ya Nairobi una jina lake hadi leo.

Tukio hilo limeelezwa mara nyingi kama sura ya siasa za ukombozi, na ni haki. Katika historia ya ruzuku lina maana nyingine pia. Lilifunga njia moja ya kuokoa udongo, ile ya kumtoza mfugaji gharama nzima kwa kumnyang'anya akiba yake, na likaiacha serikali na njia ya pili, yaani kazi ya mikono. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kazi hiyo ilidaiwa kwa nguvu. Machifu na wanyapara waliwatoa watu asubuhi za kazi ya lazima kila juma kuchimba mitaro membamba iliyotupa udongo upande wa chini. Kwa kuwa wanaume wengi walikuwa kazini Nairobi, Mombasa au jeshini, waliochimba walikuwa hasa wanawake.

Mitaro hiyo ilikuwa na udhaifu wa kiufundi: tuta la upande wa chini lilivunjwa na mvua kubwa, na maji yaliyokusanyika yakatoboa korongo jipya. Ilikuwa pia na udhaifu wa kiuchumi, ambao haukuonekana katika hesabu za wilaya. Kazi ya lazima haikugusa bajeti, kwa hiyo ofisa aliiona kuwa ya bure. Kwa kaya iliyotoa mikono miwili wakati wa kupalilia, gharama hiyo ililipwa kwa magunia ya mahindi. Na mtu asiyejua kama shamba lililochimbwa litabaki lake hakuwa na sababu ya kuusafisha mtaro msimu uliofuata. Uvumi ulienea sehemu nyingi kwamba matuta ni alama za kuwapimia walowezi ardhi, na mtu anayeijua historia ya mipaka ya hifadhi hawezi kuuita uvumi huo ujinga.

Upinzani haukuwa wa Ukambani pekee. Murang'a, mwaka 1947 na 1948, wanawake waligoma kuchimba matuta na kuandamana hadi makao ya wilaya. Ng'ambo ya mpaka, mradi wa Mlalo katika Usambara ulioanza 1946 na ule wa Uluguru ulitumia amri za namna hiyo hiyo, na Uluguru ikaishia katika ghasia za 1955 zilizomwaga damu. Katika sehemu zote hizo serikali ilitumia fedha, na wakati mwingine fedha nyingi, kulipia wasimamizi, magari na faini za kukusanywa. Aliyeshika jembe hakuzipata.

Kahawa na mwethya

Fedha zilianza kuingia Machakos kwa wingi baada ya 1946, kupitia bodi ya maendeleo ya ardhi ya Waafrika ambayo hatimaye ilijulikana kwa kifupi cha ALDEV. Machakos ilipata sehemu kubwa ya matumizi yake. Zilijengwa mabwawa, zikaletwa trekta, na huko Makueni vichaka vya mbung'o vilifyekwa ili familia zihamie kwa masharti ya idadi ya mifugo na matumizi ya ardhi. Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 iliongeza haraka hiyo. Askari na polisi wengi walikuwa Wakamba, na serikali haikutaka uasi wa nyanda za Wakikuyu upate masikio upande wa mashariki.

Hata hivyo, mabadiliko yaliyodumu hayakutoka katika trekta. Yalitoka katika mambo mawili ambayo hesabu za ALDEV hazikuyataja kama ruzuku.

La kwanza lilikuwa kahawa. Kwa miaka mingi Waafrika wa wilaya hiyo walikuwa wamezuiwa kulima zao hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, na hasa chini ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, kizuizi kililegezwa, lakini kwa sharti: miche ya kahawa ipandwe juu ya matuta ya ngazi yaliyokaguliwa na bwana shamba. Hapakuwa na malipo kwa mita. Malipo yalikuwa ruhusa yenyewe, pamoja na bei ya kahawa. Mkulima aliyeingia katika mpango huo alichimba kwa sababu tuta lilikuwa mlango wa fedha, na baada ya kuona maji yakitulia juu ya ngazi na mahindi yakivumilia siku za jua, alilipeleka tuta hadi katika shamba la chakula. Inafaa kusema bila kuficha kwamba serikali hapa ilikuwa inauza kitu ilichokuwa imekinyang'anya. Ruzuku hiyo ilikuwa haki ya kawaida iliyorudishwa ikiwa na masharti, lakini ilizaa matokeo.

La pili lilikuwa mwethya. Huu ni ushirika wa kazi wa Wakamba, wa jamii moja na msaragambo wa Wapare, ambamo majirani huitana kufanya kazi nzito kwa zamu na mwenye shamba huwapa chakula. Kazi ya lazima ya miaka ya 1940 ilikuwa imeliazima jina hilo na kulichafua. Katika miaka ya 1950 maofisa wa maendeleo ya jamii waliacha vikundi vijichagulie viongozi na mahali pa kufanyia kazi. Kundi lilizunguka kutoka shamba hadi shamba la wanachama wake, kwa hiyo aliyechimba kwa jirani leo alijua siku yake inakuja. Wanawake walikuwa wengi ndani yake na mara nyingi ndio waliokuwa viongozi.

Mbinu pia ilibadilika. Badala ya kuutupa udongo chini, mchimbaji aliutupa upande wa juu wa mtaro, na kwa misimu kadhaa mteremko ukajijenga kuwa ngazi. Kazi hiyo ni nzito zaidi, kwa kuwa udongo unapanda badala ya kushuka, lakini tuta halivunjiki kwa urahisi. Katika vitabu vya uhandisi wa kilimo vya lugha nyingi mbinu hii inaitwa fanya juu, na ile ya zamani fanya chini. Ni nadra amri ya Kiswahili iliyotolewa shambani kupanda hadi katika istilahi za kimataifa, na asili yake ya kuwa amri haifichiki: kitenzi hicho hakina mtendaji.

Fedha za Uswidi, jembe la mkulima

Miaka ya kwanza ya uhuru ilishuhudia usimamizi ukilegea. Mtaro ulinuka ukoloni, na hakuna mwanasiasa aliyetaka kuutetea jukwaani. Ni katika kipindi hiki ndipo ushahidi wa picha za angani uliotumiwa na Tiffen na wenzake unapokuwa na thamani kubwa: kati ya 1961 na 1978 matuta yaliongezeka sana Machakos, ingawa kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo msaada wa serikali ulikuwa mdogo. Fedha zilitoka kwingine. Zilitoka katika mishahara ya wanaume walioajiriwa mijini, katika kahawa, ambayo bei yake ilipaa baada ya baridi kali kuharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, na katika mboga na matunda yaliyouzwa Nairobi. Mshahara wa karani au askari ulilipa vibarua wa kuchimba. Katika lugha ya mhasibu, ruzuku kubwa kuliko zote iliyopata kuingia katika udongo wa Machakos ilitumwa nyumbani mwisho wa mwezi.

Serikali ilirejea mwaka 1974, kwa fedha za Shirika la Maendeleo ya Kimataifa la Uswidi, SIDA, katika mpango wa taifa wa hifadhi ya udongo ulioratibiwa na Wizara ya Kilimo. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira uliofanyika Stockholm mwaka 1972 ulikuwa umeandaa njia. Mtaalamu Msweden Carl-Gösta Wenner alisaidia kuunda kanuni zake, na katika swali la malipo kanuni hizo zilikuwa na uwazi ambao mipango mingi ya baadaye iliupoteza. Kuchimba matuta ndani ya shamba kulibaki jukumu la mwenye shamba, bila malipo. Fedha za mpango zililipia mafunzo ya mafundi waliopima kontua kwa kamba na pima maji, zana za mkono kwa vikundi, vitalu vya miche, na mifereji ya kugeuza maji.

Mfereji huo wa mwisho unastahili maelezo, kwa maana ndipo hoja ya fedha za umma ilipo. Maji yanayobomoa shamba mara nyingi hayakunyesha juu yake. Yametoka barabarani, katika malisho ya pamoja au kwa jirani wa juu. Ili kuyazuia huchimbwa mfereji mpana unaopita katika mashamba kadhaa na kuyamwaga mahali salama. Aliye juu hupoteza ardhi na hafaidiki. Aliye chini hufaidika na hana mamlaka ya kuchimba kwa mwenzake. Hakuna kiasi cha bidii ya mkulima mmoja kinachoweza kutatua hilo, na bila mfereji huo matuta ya chini yake hubomoka kwa mvua moja. Kulipa vibarua wa kuuchimba kulikuwa kununua kitu ambacho soko na ujirani vyote viwili vilishindwa kukitoa.

Mpango wa Maendeleo ya Pamoja wa Machakos, uliofadhiliwa na Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya kuanzia 1978 hadi 1988, uliongeza zana na watumishi. Rais Moi, kwa upande wake, aliunda mwaka 1981 tume ya kudumu ya hifadhi ya udongo na upandaji miti, na picha zake akibeba mawe ya gabioni zikawa sehemu ya siasa za enzi hiyo. Sambamba na hayo, katika maeneo makavu, miradi ya chakula kwa kazi ililipa uchimbaji wenyewe. Miradi hiyo iliokoa watu na njaa, na haiwezi kulaumiwa kwa hilo. Kama sera ya udongo ilikuwa na tatizo: mtaro uliolipiwa ulihesabika kuwa wa mradi, na mradi ulipoondoka mtu alingoja malipo mengine kabla ya kuusafisha. Kufikia 1988 wizara ilikuwa imeanza kuacha hata ruzuku ya mifereji na kuingia katika mfumo wa mabonde madogo, ambapo mafundi walikusanywa katika eneo moja kwa muda na kamati ya wakazi ikapanga kazi. Uamuzi huo ulipunguza gharama. Uliacha pia bila jibu la fedha lile tatizo la maji ya jirani wa juu, ukilikabidhi kwa kamati.

Waliobaki nje

Ikiwa mishahara ya mjini ndiyo iliyolipia sehemu kubwa ya matuta, basi kaya isiyokuwa na mtu mjini ilisimama wapi? Utafiti wa John Murton uliochapishwa mwaka 1999 ulijibu kwa ukali. Nyuma ya wastani wa wilaya, kaya zenye kipato cha nje zilikuwa zimeboresha na kupanua mashamba yao, wakati kaya maskini ziliuza ardhi au zililima udongo unaochoka. Mafanikio ya Machakos yalikuwa ya kweli, lakini hayakugawanywa sawa.

Sera ya kutolipa uchimbaji, ambayo makala hii imeiona kuwa na mantiki, ilichangia tofauti hiyo. Ilimtendea kila mkulima kana kwamba ana nguvu kazi ya ziada. Mwethya ulipunguza makali, ila siku ya mwethya hulipwa kwa siku, na mama mwenye watoto wadogo ambaye hana mtu mzima mwingine nyumbani alikuwa na siku chache za kurudisha. Wakati wa kupanda na kupalilia alikwenda kufanya kibarua katika mashamba ya wengine, ambayo huenda yalikuwa na matuta mazuri, na lake likangoja.

Mkopo haukuwa njia ya kutokea. Shirika la Fedha za Kilimo, lililoanzishwa 1963, lilidai hati ya ardhi kuwa dhamana. Upimaji na uandikishaji wa ardhi chini ya sheria ya 1968 ulikuwa ukiendelea polepole wilayani, na ulipomalizika hati iliandikwa, kwa kawaida, kwa jina la mwanamume. Fundi wa kilimo aliyefika shambani na kamba yake na pima maji alimkuta mwanamke, akamfundisha mwanamke, akampimia mwanamke mstari wa kuchimba. Fomu ya mkopo ilihitaji sahihi ya mtu aliyekuwa Nairobi.